Punda Aliyeitwa Hataki

"Mpige tu, atakwenda!"

Uchochoro wa Mkomani, hapa Lamu, ulikuwa umeziba, na aliyeuziba ni mimi. Mkononi nilikuwa na kamba, na mwisho wa kamba alikuwa punda dume ambaye hajatimiza miaka mitatu, amekita miguu yote minne kwenye ukingo wa kivuli cha wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, haendi mbele wala harudi nyuma. Nyuma yake punda watatu wenye mchanga, na nyuma ya hao vijana wawili na fimbo zao. Mama mmoja aliyebeba sinia la mahamri alijibanza ukutani, mkono juu ya kawa lisianguke. Mzee aliyekuwa akipita akatikisa kichwa, akasema lile lile ambalo hapa mtu hulisikia tangu utotoni: "Punda haendi bila kigongo, mwanangu."

Sikumpiga. Nililegeza kamba, nikasimama.

Yule kijana wa mbele ni mtoto wa ami yangu. Alimsogeza punda wangu ukutani kwa bega, akawapitisha wake mmoja mmoja, magunia yakikwaruza chokaa, na alipofika usawa wangu akasema bila hasira yoyote:

"Weye una wakati, kaka. Siswi twalipwa kwa safari."

Wakapita.

Ningetukanwa ningesahau. Haya hayakuwa matusi, na ndiyo maana yamenikaa rohoni wiki zote hizi.

## Huswagwa, haongozwi

Mgeni akija Lamu hupiga picha ya punda mwenye mzigo na mtu wake. Itazameni vizuri picha hiyo: mtu yuko nyuma. Kwetu punda huswagwa. Mwenyewe hufuata na fimbo, anapiga kelele "Simila! Simila!" kwa wapita njia, na punda mzoefu anajua kona ya kuingia na mlango wa kusimama. Wapo wanaotoka ufukweni mpaka ndani ya Langoni kwenye nyumba inayojengwa bila kuambiwa lolote. Kamba ni ya kumfungia punda, si ya kutembea naye.

Basi mimi nilitaka nini na kamba?

Kidonda. Huyu alikuja kwetu na kidonda cha shingo, pale kamba ya nailoni ilipomla ngozi kwa mtu aliyekuwa naye mwanzo. Kidonda cha namna hiyo chataka kusafishwa mara kwa mara, na hospitali ya punda iko ufukweni ilhali sisi tunakaa ndani ya mji. The Donkey Sanctuary ya Uingereza iliifungua mwaka 1987 na matibabu ni bure, kwa hiyo mtu hana kisingizio. Lakini kumfikisha ndiyo kazi. Punda mchanga huwezi kumswaga peke yake: hajui njia, na akishtuka huko mbele huna cha kumzuilia. Alikwisha kuniponyoka mara moja pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji, saa ambayo watoto wanatoka chuoni. Hakuumia mtu, ila niliona kwato ilivyopita karibu na kofia ya mtoto mmoja, na jioni ile nikanunua kamba nene ya pamba nikamsukia hatamu, bila lijamu.

Jina alipewa na watoto wa mtaa. Kila wakitukuta tumesimama walikuwa wakiniambia, "Kaka, punda wako hataki!" Likashika.

## "Muuze"

Ushauri niliopewa wa kwanza ulikuwa huo. Muuze bara, huko hawachagui.

Nilijua maana ya "hawachagui". Vichinjio vya punda vilipokuwa vikifanya kazi bara, ngozi ikipelekwa China, punda alikuwa na bei bila kuulizwa tabia. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi bara zima. Mapatano ni mapatano, lakini usiku barabarani nani atajua kilichobebwa? Sikumuuza.

## Farasi wa kwenye simu

Nikaingia kwenye simu kutafuta elimu. Nilichokikuta ni farasi watupu. Mmarekani mwenye kofia pana anasimama katikati ya uwanja wa duara, anamkimbiza farasi mchanga pembezoni, mpaka farasi anachoka kukimbia, anageuka mwenyewe na kumfuata. Inapendeza kutazama. Nyimbo za nyuma nazo zinapendeza.

Ila Lamu uwanja wa duara utaupata wapi? Na hata ukiupata, punda hakimbii.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunikaa sawa. Farasi akiogopa hukimbia kwanza, mengine baadaye. Punda husimama kwanza. Asili yake ni punda mwitu wa pembe ya Afrika, mnyama wa nchi kavu yenye mawe, ambaye mara nyingi hana kundi kubwa la kujificha ndani yake. Kukimbia ovyo kwenye nchi ile ni kupoteza nguvu na maji. Yafaa usimame, utazame, ujue ni kitu gani, ndipo uamue kuondoka au kupigana. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda walifugwa mara ya kwanza huku huku Afrika Mashariki, takriban miaka 7,000 iliyopita. Kwa hesabu hiyo Hataki ni mwenyeji kuliko ukoo wowote wa hapa mjini, pamoja na ile inayopenda kutukumbusha ilikotoka.

Kwa hiyo anaposimama anafanya kazi yake. Anafikiri. Tatizo ni kwamba punda haonyeshi hofu waziwazi. Farasi atapanua pua na kutoa macho. Punda huficha, kama anavyoficha maumivu. Ukimtazama upesi utasema ni mvivu. Ukimtazama kwa karibu utaona mdomo umekaza, pumzi zimekuwa fupi, na masikio yote mawili yameelekea mahali pamoja.

## Kifua kabla ya mguu

Somo lenyewe ni dogo. Nitalieleza kama ninavyolifanya, wenye ujuzi wanirekebishe.

Ukivuta kichwa cha mnyama, mwili wake hujibu kwa kuvuta nyuma. Hajaamua, ndivyo mwili ulivyo. Ukizidisha, anazidisha, na yeye ana miguu minne. Kwa hiyo unaikaza kamba kidogo tu, unatulia hapo hapo bila kuzidisha, unangoja. Akijongea mbele hata kidole kimoja, unalegeza papo hapo. Anachojifunza kinakuja wakati ule wa kulegea. Ukiendelea kuvuta wakati amekwisha kuanza kwenda, umemwambia kwamba kwenda hakumsaidii. Ukilegeza anaporudi nyuma, umemfundisha kurudi nyuma, na hilo atalikumbuka vizuri zaidi kuliko mengine, kwa sababu punda hasahau.

Wakati wenyewe ni mfupi mno. Nilikuwa nikitazama miguu, na mguu ukinyanyuka tayari umechelewa. Siku moja uani, jua la alasiri likimpiga ubavuni, ndipo nilipokiona kitu kinachotangulia mguu. Kifua kinahama. Ngozi iliyo mbele ya bega la kushoto inajikunja mkunjo mwembamba, uzito unakwenda kulia, na kwato ya kushoto inaachia mchanga upande wa nyuma kwanza, punje mbili tatu zinaporomoka chini yake. Mguu bado haujaondoka. Ni hapo pa kulegeza.

Nilipoanza kulegeza kwenye ule mkunjo, alinigeukia na sikio moja. Siku zote kabla ya hapo masikio yake yalikuwa mahali pengine.

Mengine nitayapitia haraka. Simama ubavuni mwa bega, usisimame mbele ya paji lake, kwa kuwa pale mbele hakuoni vizuri, na nyuma ya mkia hakuoni kabisa. Akiganda usimvute moja kwa moja; nenda upande, omba pua ije kwako, maana pua ikigeuka lazima asogeze mguu ili asiyumbe, na akisogeza mmoja hajaganda tena. Mkune pale manyoya ya shingo yanapoishia mgongoni. Chakula mkononi mimi niliacha, baada ya kuona anatafuna vifungo vya shati vikiwa kifuani mwangu.

Na mfundishe kusimama kabla hujajisifu kwamba anatembea. Katika vichochoro vyetu punda asiyejua kusimama ni hatari kuliko asiyejua kwenda. Mimi hutoa pumzi kwa sauti na kusita. Sasa naye husita.

## Shaka

Lipo jambo lililonisumbua kuliko yote ya kamba.

Alipoanza kutulia, nilijiuliza kama ametulia au amekata tamaa. Hili si swali la mchezo. Pita ufukweni saa za kazi utazame punda waliopigwa miaka mingi: wametulia kuliko Hataki. Masikio yameanguka pembeni, macho hayafuati kitu, weka gunia, ondoa gunia, hawakwambii lolote. Mtu akiniuliza punda mtulivu ni yupi, macho yangu yanaweza kunidanganya nikamwonyesha huyo.

Jibu nililolipata, kwa sasa, ni la kumtazama anapokutana na kitu kipya. Tuliwahi kukuta turubai la bluu limeanikwa kwenye baraza. Alisimama, akashusha kichwa, akavuta harufu, akarudi hatua, akaja tena, mwisho akaling'ata pembe. Punda aliyekata tamaa hang'ati turubai. Tangu hapo kukataa kwake kumeanza kunifurahisha kidogo, jambo ambalo sithubutu kumweleza mtu anayengoja nyuma yangu na gunia.

## Maji na kiza

Lakini wikio lile lile bado lilikuwa linatushinda.

Nilikuwa na maelezo yangu. Jicho la punda, kama la farasi, huchukua muda mrefu kuliko letu kuzoea kiza likitoka kwenye mwanga. Pale unatoka jua la saa nne linalorudishwa na ukuta mweupe, na hatua moja mbele uko chini ya dari ya boriti. Kwake ni shimo. Ami yangu mwenyewe, aliyefuga punda tangu ujana, aliposikia alisema ni kweli, ndiyo maana zamani punda wapya walipitishwa alfajiri.

Tukapita alfajiri. Akapita. Saa nne, akagoma.

Siku ya tatu au ya nne ya mgomo, mtoto wa ami akatokea tena, safari hii mikono mitupu kwa kuwa jahazi lilikuwa halijafika. Akakaa barazani kutucheka. Kisha akanyamaza. Kisha akasema:

"Si kiza, kaka. Mtazame kichwa. Angekuwa aogopa kiza angetazama yuu."

Kweli kichwa kilikuwa chini, na masikio yameelekea chini. Palikuwa na maji, mchirizi wa maji ya sabuni kutoka nyumba ya kushoto, unakatiza njia kuelekea mtaroni, si mpana kuliko kiganja. Mimi nilikuwa nimeuruka mara zote.

Tulibishana. Mimi kiza, yeye maji. Tukamtoa Hataki juani, tukamwaga kopo la maji njiani: alinusa, akavuka. Tukamrudisha wikioni siku ambayo nyumba ile haikufua: akaingia. Ni vyote viwili vikikutana ndipo anaposimama, maji yanayomeremeta ndani ya kiza, ambayo hawezi kujua yana kina gani. Mwenyewe fikiria unaombwa ukanyage kitu hicho.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Tulianza na maji kwenye kivuli chepesi cha mwembe, kisha kwenye ukumbi wa nyuma, kisha wikioni, kila mara nikimwachia kamba ndefu ya kutosha ashushe pua. Leo anapita. Anasita, ananusa, anapita.

Kinachonikera ni hiki: aliyeona ni yule mwenye fimbo. Mimi na video zangu nilikuwa natazama jicho la punda kama lilivyoelezwa. Yeye alikuwa anamtazama punda huyu. Ametembea nyuma ya punda tangu akiwa mtoto, anawasoma kwa visigino na mikia, anajua nani ana maumivu ya mgongo kabla tandiko halijatolewa. Nikamuuliza, sasa kama unajua hivi, kwa nini unapiga?

Akanitazama kama siku ile ya kwanza.

"Kwani nimeshakwambia mara ngapi?"

## Risiti

Mimi ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Mishahara yetu hulipwa mwisho wa mwezi, punda atembee asitembee.

Na ni mimi ninayeandika safari za watu wa punda. Jahazi la mchanga likija hukaa juu ya fungu maji yakitoka, na lazima lipakuliwe kabla maji hayajarudi. Vivyo hivyo mawe ya kisiwa cha Manda. Saruji ni mifuko ya kilo 50, ikinyeshewa gharama ni ya aliyeibeba. Kila safari nafanya alama, jioni nazihesabu, natoa pesa. Hakuna mahali kwenye kitabu pa kuandika kwamba leo punda mmoja mchanga alisimama mbele ya maji ya sabuni na mwenyewe akangoja. Akingoja, wenzake wamemzidi safari, na bei ya safari nimeiandika mimi kwa mwandiko wangu, kwa maneno ya tajiri.

Sasa nikisikia "punda haendi bila kigongo" huwa namtafuta mwenye kigongo, na si mara zote ninamkuta nyuma ya punda.

Nilimwendea tajiri. Nilimwambia mifupa ya punda haikomai mpaka miaka minne au mitano, na akibebeshwa mapema mgongo huharibika, ilhali akitunzwa anaishi miaka 25, 30 na zaidi; kwa hiyo hata kwa hesabu ya pesa punda anayengojwa ana faida. Nikapendekeza punda wapya waingie kazini kwa nusu ya mzigo, na mwenyewe alipwe kwa siku mpaka punda azoee.

"Na jahazi litangoja?" akauliza.

Kulipa kwa siku alikataa. Alichokubali, baada ya kikombe cha pili cha kahawa, ni kwamba mzigo wa duka letu usibebwe na punda wa chini ya miaka minne. Si haba. Ila umri wa punda huandikwa mdomoni, meno ya mbele yanabadilika jozi kwa jozi, ya katikati kwanza na ya pembeni mwisho, na mimi kuyasoma sijui. Anayejua dukani na ufukweni pote ni mtoto wa ami.

Nikamwendea jana na habari hiyo. Alikuwa amemshika Hataki kamba, wanatoka kupunguza kwato, kamba imelegea mpaka karibu na ardhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Na kazi hiyo ya meno nalipwa kwa siku au kwa punda?"

Hatujapatana bado.